Siku ya Nne: Mchezaji wa Ridhaa Mbele ya Wanaolipwa

Hotuba kwa wachezaji wa gofu, makedi (wabeba mikoba ya wachezaji) na wazazi, Tanga

Shikamooni wazee wetu. Assalaam aleikum nyote. Wenyeji wa Tanga, asanteni kwa kutupokea. Vijana mnaobeba mikoba, mliokaa kule nyuma, sogeeni mbele, maana sehemu kubwa ya maneno ya leo ni yenu.

Swali tulilopewa ni hili: mchezaji wa ridhaa, yaani asiyecheza kwa ajili ya fedha, bado anaweza kushinda mashindano makubwa ya wachezaji wa kulipwa? Tunajibu kwamba anaweza, na ushahidi wake ni wa juzijuzi. Tarehe 21 Januari 2024, Nick Dunlap, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama mwenye miaka 20, alishinda The American Express kule La Quinta, California. Alipiga 64, 65, 60 na 70. Jumla ni mikwaju 259, yaani 29 chini ya kiwango, ile idadi ya mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari. Nyuma yake kwa mkwaju mmoja alikuwa Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini, na huyo ndiye aliyeondoka na dola 1,512,000 za mshindi, kwa sababu Dunlap alikuwa wa ridhaa na hakuruhusiwa kuzigusa.

Jambo tulilokuja kulisema, hata hivyo, ni pana kuliko hiyo "anaweza". Neno ridhaa limebaki lilelile, lakini mtu anayelibeba amebadilika, na asiyelijua hilo atajiandaa kwa mashindano yasiyokuwepo tena.

Tuanze na wa kale. Mwaka 1890, John Ball alishinda The Open ya Uingereza pale Prestwick akiwa wa ridhaa. Harold Hilton akafuata mwaka 1892, akarudia 1897. Kisha ukaja mwaka 1913, ambao kila kedi anapaswa kuujua. Francis Ouimet, kijana wa miaka 20, alikulia nyumba iliyotazamana na uwanja wa The Country Club, Brookline, Marekani, na humo humo alikuwa amebeba mikoba ya watu. Katika U.S. Open ya mwaka ule alifungana na Waingereza wawili waliokuwa vigogo wa dunia, Harry Vardon na Ted Ray. Wakacheza mashimo 18 ya ziada. Ouimet alipiga 72, Vardon 77, Ray 78. Aliyembebea mkoba ni mtoto wa miaka 10, Eddie Lowery.

Baada yake Jerome Travers alishinda mwaka 1915, Chick Evans 1916. Bobby Jones alitwaa U.S. Open mara nne, 1923, 1926, 1929 na 1930, na The Open mara tatu, kisha akaacha mashindano akiwa na miaka 28. Wa mwisho ni Johnny Goodman, yatima wa Omaha aliyeanza kwa kubeba mikoba, aliyeshinda U.S. Open ya 1933 kwa mkwaju mmoja. Tangu siku hiyo hakuna mwanamume wa ridhaa aliyeshinda hata moja kati ya yale mashindano manne makuu: Masters, PGA Championship, U.S. Open na The Open. Masters haijawahi kabisa kuangukia mikononi mwa mchezaji wa ridhaa. Kwa wanawake yupo mmoja aliyeshinda U.S. Women's Open, Mfaransa Catherine Lacoste, mwaka 1967.

Wapo wanaoisoma orodha hii wakasema wa zamani walikuwa na kipaji zaidi. Sisi hatukubaliani nao. Zama za Ouimet na Jones, fedha za mashindano zilikuwa haba na mchezaji wa kulipwa alihesabiwa mtumishi wa klabu; kwenye klabu nyingi hakuruhusiwa hata kuingia kwa mlango wa mbele. Mtu mwenye kipaji na kazi nyingine ya kumlisha hakuwa na sababu ya kuhama. Fedha zilipokua, bora wote wakahamia kwenye kulipwa wakiwa bado vijana. Kipaji cha ridhaa hakikufa. Kinakaa kwenye ridhaa miaka mitatu au minne tu, kisha kinaondoka. Dunlap mwenyewe alijiunga na kulipwa siku chache baada ya ushindi wake, na Julai ya mwaka uleule akashinda Barracuda Championship akiwa tayari analipwa.

Kwa hiyo mtu wa ridhaa anayeshinda leo si karani anayecheza Jumamosi. Ni kijana wa miaka 18 hadi 22, ana kocha, ana mashine ya kupima mwendo wa mpira, uwanja uko mlangoni kwake na analala na fimbo. Asichofanya ni kupokea fedha ya zawadi kama wanavyopokea wa kulipwa. Angalieni waliofanikiwa. Phil Mickelson alishinda Tucson mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo, licha ya kupiga mikwaju mitatu juu ya kiwango kwenye shimo la 14 siku ya mwisho. Shane Lowry alishinda Irish Open mwaka 2009. Ryo Ishikawa alishinda Japani mwaka 2007 akiwa na miaka 15. Lydia Ko alishinda Canadian Women's Open mwaka 2012, naye ana miaka 15, akarudi mwaka uliofuata akashinda tena. Taiga Semikawa alishinda Japan Open mwaka 2022. Na Julai 2025 Lottie Woad wa Uingereza alishinda Irish Open ya wanawake kwa tofauti ya mikwaju sita. Wote hao walikuwa vijana, na gofu ndiyo iliyokuwa shughuli yao ya kila siku.

Mzazi uliyepo hapa, ukisikia mtoto wako ana handikapu sifuri, yaani hahitaji kupunguziwa hata mkwaju mmoja, furahi, lakini jua sifuri ni wapi. Handikapu haihesabu wastani wa siku zako zote. Inachukua raundi 8 bora kati ya 20 za karibuni. Mtu wa sifuri, siku yake ya kawaida, hupiga mikwaju miwili au mitatu juu ya ukadirio wa uwanja, yaani alama ambayo mtu wa sifuri hutarajiwa kupiga pale akicheza vizuri. Viwanja vya mashindano makubwa vina kiwango cha 70 hadi 72 lakini ukadirio wake unafika 75 au 76, kwa kuwa ni virefu na vigumu. Basi mtu wa sifuri akipelekwa kule atapiga 78 hivi, wakati wastani wa wanaolipwa ni kama 71. Mikwaju saba kwa siku, mara siku nne, ni 28. Huyo hatafika siku ya tatu. Anayetaka kushindana kweli anahitaji kuwa juu ya sifuri, kwenye jumlisha 5 au 6, maana yake yeye ndiye anayeongezewa mikwaju hiyo kwenye hesabu yake badala ya kupunguziwa.

Mchujo wa ziara kubwa ya Marekani, PGA Tour, hufanywa kwa kawaida baada ya mashimo 36, na wanabaki 65 wa kwanza pamoja na waliofungana nao. Watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Basi mchujo ndio unaoutimiza.

Sasa tuzungumzie namba za mchezo wenyewe, kwa sababu namba ndizo zinazomwambia kijana afanye nini Jumatatu asubuhi.

Kwa draiva, ile fimbo ya kupiga mbali zaidi, wanaume wa ziara kubwa ya Marekani wanazungusha kichwa cha fimbo kwa mwendo wa kama kilomita 185 kwa saa, na mpira unasafiri hewani mita 255 hadi 260 kabla ya kugusa nyasi. Wanawake wa juu wanazungusha kwa kilomita 150 hivi, na mpira unasafiri kama mita 200. Mwenye mita 220 kwa wanaume anaweza kuwa fundi wa kila kitu kingine na bado akaachwa, kwa kuwa kila shimo refu atapiga fimbo ndefu zaidi kuelekea grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo, kuliko wenzake. Hili halina njia ya mkato. Linahitaji mwili: miguu, nyonga, mgongo, na miaka miwili au mitatu ya kuujenga.

Kutoka mita 140 kwenye ferwei, ile njia ya nyasi zilizokatwa inayoelekea grini, mchezaji wa kulipwa anaacha mpira mita 7 hivi kutoka shimoni, kwa wastani. Si mita mbili kama mnavyoona kwenye televisheni, kwa sababu televisheni huonyesha mikwaju mizuri. Kosa la vijana wengi wa ridhaa linaanzia hapa. Wanadhani wa kulipwa hulenga bendera, nao wanailenga. Bendera ya mashindano hukatwa hatua nne au tano tu kutoka ukingo wa grini. Ukilenga bendera ya kushoto ukakosea kidogo kushoto, uko bankani, kwenye shimo la mchanga, upande mfupi, na kutoka pale huna nafasi ya mpira kubingirika. Ukilenga mita nne kuelekea katikati, kosa lilelile linakuacha kwenye grini. Kwa mashimo 72, tofauti hiyo peke yake ni mikwaju kadhaa.

Kwenye kusukuma mpira juu ya grini, umbali wa mita 2.4, futi nane, ndio mpaka. Wa kulipwa huingiza nusu. Mita 6 huingiza kama 15 katika 100. Mita 10 wastani wao ni mikwaju miwili kamili. Jipimeni hivi: wekeni mipira mitano kila upande wa shimo, pande nne, mita 2.4 kutoka shimoni. Hiyo ni 20. Msisukume mipira mitano ya upande mmoja mfululizo, kwa kuwa wa kwanza unawaonyesha njia na minne iliyobaki haipimi tena uwezo wa kusoma grini. Zungukeni, mpira mmoja kila upande, mpaka iishe. Andikeni. Rudieni kila wiki. Anayeingiza 10 kwa wiki nyingi mfululizo yuko kwenye kiwango cha dunia kwa kipengele hicho. Anayeingiza 6 ajue mkwaju wake unapotelea wapi.

Hapo linakuja tatizo kubwa la sisi wa pwani, nalo ni kasi ya grini. Kasi hupimwa kwa reli ya alumini yenye mfereji, urefu wake inchi 36, ambayo ni sentimita 91. Mpira unakaa kwenye kijishimo kilichoko sentimita 76 kutoka ncha ya chini. Unainua reli polepole mpaka mpira ujiachie wenyewe, ikifika nyuzi kama 20. Unafanya hivyo kwa mipira mitatu kuelekea upande mmoja wa sehemu tambarare, kisha mitatu kurudi ulikotoka, na unachukua wastani wa umbali. Grini za klabu nyingi hutoa futi 8, mita 2.4 hivi. Grini za mashindano makubwa hutoa futi 11 mpaka 13. Chukueni 12, ambayo ni mita 3.7. Maana yake mguso uleule unaokufikisha shimoni hapa, kule unakupitisha nusu ya safari zaidi, na mpira unapinda zaidi njiani kwa sababu unakaa muda mrefu kwenye mteremko. Kijana aliyelelewa kwenye grini ya 8 akipelekwa kwenye 12, siku ya kwanza anasukuma mara tatu kila baada ya mashimo machache. Anadhani ni woga, kumbe mikono yake haijawahi kufundishwa mguso mwepesi kiasi kile.

Nini kifanyike? Fundi wa madirisha ya alumini anaweza kuwatengenezea reli hiyo kwa kuonyeshwa vipimo. Haitakuwa kipimo rasmi, lakini italinganisha grini yenu ya leo na ya mwezi ujao. Msikimbilie kushusha mashine ya kukata mpaka milimita 3. Nyasi za kawaida zilizozoea milimita 5 au 6 zikikatwa hivyo ghafla chini ya jua la Februari zinaungua, mnabaki na udongo. Shusheni kidogo kidogo kwa wiki nyingi, msikate zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja, tandazeni mchanga mwepesi mara kwa mara na piteni na rola. Kama klabu haina uwezo huo, tumieni sakafu ya sementi iliyolainishwa, baraza lolote lililo tambarare. Wekeni sarafu mita tatu mbele na jaribuni kuusimamisha mpira juu yake. Sementi inakimbia kuliko grini yoyote ya Marekani. Haiwafundishi kusoma mteremko, lakini inaufundisha mkono kutulia, na mkono uliotulia ndio unaokosekana.

Kingine cha nyasi zetu za pwani ni ulalo wake. Majani yanalala upande mmoja na yanauvuta mpira. Ukitazama grini ikang'aa, majani yanalala kuondoka kwako, mpira utakimbia. Ikionekana kijani kilichokolea, majani yanakuja kwako, mpira utakwama. Angalieni pia ukingo wa shimo lenyewe: upande uliochakaa ndio majani yanakoelekea. Makedi wa hapa wanalijua hili bila kufundishwa na mtu, na ni elimu ya thamani. Wachezaji waliokulia kwenye grini za nyasi nyembamba za nchi za baridi huhangaika nalo wakija kwetu.

Upepo nao tunao mwaka mzima, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi na kusi kuanzia Aprili au Mei. Kanuni ya haraka: upepo wa mbele wa kilomita 16 kwa saa unakula kama asilimia 10 ya umbali, na wa nyuma wa kasi hiyohiyo unarudisha nusu yake tu. Kwa hiyo mkwaju wa mita 150 dhidi ya upepo huo piga kama wa mita 165, lakini ukiwa nao nyuma usipunguze zaidi ya mita 7 au 8. Wengi wanapunguza sawasawa na walivyoongeza, wanaanguka mbele ya grini, kisha wanaulaumu mkwaju. Na msipige kwa nguvu zaidi dhidi ya upepo. Nguvu inaongeza mzunguko wa mpira, mzunguko unaunyanyua, upepo unaudaka. Chukueni fimbo ndefu zaidi, shikeni chini kidogo, bembeeni taratibu.

Sasa mchezaji huyohuyo aliyezoea usawa wa bahari akialikwa Nairobi, hesabu inageuka. Hewa ya juu ni nyepesi. Kwa kila mita 300 za mwinuko mpira unaongeza kama asilimia 1. Nairobi iko mita 1,700 hivi, basi mkwaju wa mita 150 wa Tanga unakuwa karibu mita 159. Hiyo ni karibu fimbo nzima. Arusha, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, inaongeza kidogo chini ya hapo. Kijana akifika usiku wa kuamkia mashindano hana muda wa kujifunza hilo. Afike siku tatu kabla, apige mipira kumi kwa kila fimbo, na aandike umbali mpya kwenye karatasi atakayoiweka mfukoni.

Karatasi tunaitaja kwa makusudi. Kanuni za gofu huruhusu kipima umbali cha mkononi isipokuwa kamati iwe imekikataza, na baadhi ya mashindano ya kulipwa hukikataza. Mchezaji wa klabu aliyezoea kuchungulia darubini na kupata namba anajikuta na kitabu cha ramani na karatasi ya bendera: "hatua 22 kutoka mbele, 4 kutoka kushoto". Lazima kedi atafute alama kwenye ferwei, ahesabu hatua kutoka hapo hadi kwenye mpira, ajumlishe. Hatua ya kedi iwe mita moja kamili. Tandikeni kamba ya mita 50 chini na mtembee juu yake mpaka kila mara mpate hatua 50. Jioni moja inatosha kuanza.

Tuje kwenye siku ya nne, ambayo tumeipa hotuba hii jina lake. Mwaka 1956, Ken Venturi, wa ridhaa, aliongoza Masters kwa mikwaju minne ikiwa imebaki raundi moja. Siku ya mwisho, yenye upepo mkali, akapiga 80 na kushindwa kwa mkwaju mmoja. Mwaka 2015 pale St Andrews, Paul Dunne wa Ireland alikuwa akiongoza The Open pamoja na wengine wawili baada ya raundi tatu, akapiga 78 ya mwisho na kumaliza kwenye kundi la nafasi ya 30. Wote wawili walikuwa na uwezo wa kufika pale, kwa hiyo hatukubali wanaposemwa kwamba hawakuwa na moyo.

Sababu ya kwanza ni mwili. Raundi moja ni kama kilomita 10 za kutembea na karibu saa tano juani. Mashindano yetu mengi ni ya mashimo 36 au 54. Mtu ambaye hajawahi kucheza mashimo 72 kwa siku nne mfululizo hajui miguu yake itafanya nini kwenye shimo la 65. Miguu ikichoka, kiuno hakizunguki, mikono inafanya kazi yote, mpira unakwenda kushoto. Tunashauri mara moja kila miezi miwili vijana wacheze siku nne mfululizo, mashimo 18 kila siku, kwa kuhesabu kila mkwaju. Linganisheni jumla ya siku mbili za kwanza na mbili za mwisho. Tofauti ikizidi mikwaju minne, shida iko kwenye mwili na chakula kabla ya kuitafuta kichwani. Kunyweni maji tangu shimo la kwanza. Aliyesubiri kiu amechelewa. Ndizi au tende kila baada ya mashimo manne au matano.

Ya pili ni damu kwenda mbio. Siku ya mwisho mpira unaruka mita tano hadi kumi zaidi ya kawaida, na bembea inaharakishwa. Kedi ndiye wa kuliona hili, maana mchezaji mwenyewe hajisikii. Kedi mzuri anampa fimbo fupi zaidi, anatembea polepole kuelekea kwenye mpira ili mwenzake naye apunguze mwendo, na hazungumzii ubao wa matokeo.

Ya tatu ni kutaka kurudisha mkwaju uliopotea palepale. Tazameni alichofanya Dunlap. Shimo la 7 siku ya mwisho alitumbukiza mpira majini, akatoka na mikwaju miwili juu ya kiwango, na uongozi wake ukayeyuka. Hakuruhusu kosa hilo limvuruge. Aliendelea kucheza, akangoja nafasi yake. Shimo la 18 mkwaju wake wa kuelekea grini ulienda kulia, akautoa vizuri kwa mkwaju mfupi, akabaki na futi sita, karibu mita 1.8, akaingiza. Tumeona hapo juu kwamba kwa mita 2.4 ni nusu kwa nusu, hata kwa wanaolipwa. Alikuwa na nafasi nzuri kuliko hiyo.

Tunaamini mwanamume wa ridhaa atashinda tena mashindano ya wiki ya kawaida kabla ya miaka mingi kupita, hasa kwenye viwanja vinavyotoa alama nyingi kama vile vya La Quinta. U.S. Open ni habari nyingine. Milango yake iko wazi kwa mtu wa ridhaa mwenye handikapu isiyozidi 0.4, na miaka ya karibuni zaidi ya watu 10,000 huomba kugombea nafasi 156. Masters tunadhani itakuwa ya mwisho kuanguka, kwa sababu grini zake zinahitaji kumbukumbu ya miaka, na mchezaji wa ridhaa hualikwa mara moja au mbili tu. Kwa wanawake tunatazamia mapema zaidi. Lottie Woad, baada ya Ireland, alikwenda Evian, moja ya mashindano makuu ya wanawake, wiki iliyofuata akiwa bado wa ridhaa, akakosa kwa mkwaju mmoja kuingia kwenye mchezo wa ziada.

Kwa Mwafrika, njia fupi iliyopo ni Africa Amateur Championship, iliyoanza mwaka 2024 pale Leopard Creek, Afrika Kusini. Mshindi wake hupata nafasi ya kucheza The Open. Altin van der Merwe alipita njia hiyo mwaka wa kwanza.

Mwisho, makedi, hili ni lenu na tunaomba mlisikilize kwa makini, kwa kuwa wengi mnaweza kuipoteza ridhaa bila kujua. Kubeba mkoba kwa malipo hakukutoi kwenye ridhaa. Kumfundisha mwanachama kubembea kwa malipo kunakutoa, hata akikupa elfu kumi. Kanuni mpya zilizoanza Januari 2022 zinaruhusu mchezaji wa ridhaa apokee zawadi ya fedha hadi dola 1,000, au pauni 700, lakini kwenye mashindano ya grosi tu, yaani yanayohesabu mikwaju yote bila kupunguza handikapu. Kwenye mashindano ya handikapu fedha taslimu hairuhusiwi. Vitu au vocha vya thamani isiyozidi kiasi hicho vinaruhusiwa. Gari la aliyeingiza kwa mkwaju mmoja halina kikomo hicho, ilimradi mkwaju uwe wa yadi 50 au zaidi. Kujisajili kama mwanachama wa chama cha wachezaji wa kulipwa kunakutoa, na vivyo hivyo kucheza mashindano ukijiandikisha kama wa kulipwa. Aliyekwisha kutoka anaweza kuomba kurudishwa kupitia chama cha taifa.

Na wenye kampuni mliopo: tangu 2022 kanuni hazizuii tena kumdhamini mchezaji wa ridhaa. Mnaweza kumlipia nauli, viatu, mipira na ada ya kuingia, na jina lenu likakaa kwenye kofia yake. Hakuna atakayenyang'anywa hadhi kwa hilo. Nauli ya basi hadi Nairobi na siku tatu za kulala ndizo zinazomtenganisha kijana wa hapa na ile karatasi ya umbali mpya tuliyoitaja.

Reli ya kupimia iko pale mezani, na mipira sita. Tutatoka sasa kwenda grini ya mazoezi kabla jua halijashuka. Kila kedi achukue kalamu, kwa sababu atakayepima ndiye atakayeandika.